Barua kutoka Moshi: Mzee hataki kuhojiwa

Moshi, Julai

Rafiki yangu,

Salamu kutoka huku nyumbani. Baridi imeshika na mlima umejifunika, hata watalii wanapiga picha mawingu. Juzi kwenye simu uliniuliza ile filamu yangu kuhusu Mzee, mpiga picha wa majengo, imefikia wapi, nikakujibu "inaenda." Hilo halikuwa jibu, ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Inaenda, ila Mzee hataki kuhojiwa. Ukimwekea kamera usoni anageuka mtu wa risala, anaanza na shule aliyosoma na jina la mwalimu mkuu. Anakauka kabisa. Lakini mwulize kuhusu ukuta, hapo utatafuta pa kupumulia. Basi nimeachana na mahojiano. Filamu nzima itamfuata akiwa anasubiri, maana kazi yake kwa sehemu kubwa ni kusubiri.

Wewe ulimjua kama mpiga picha za pasipoti pale karibu na stendi. Pasipoti ndizo zilizomlisha. Majengo aliyapiga kwa hela yake, hakuna aliyemtuma. Stesheni ya reli, ambayo reli yake ilifika hapa kutoka Tanga mwaka 1911, ameipiga enzi za treni za abiria, ikiwa imelala miaka mingi bila treni hizo, na tena ziliporudi 2019. Jengo la KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa. Maduka ya Wahindi yenye mwaka wa ujenzi juu ya paji la ukuta. Arusha alikuwa akipanda basi la alfajiri kwenda kupiga Boma la Wajerumani, la mwaka 1900, na yale maghorofa matatu ya AICC, kituo cha mikutano, yaliyojengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha Jumuiya yenyewe ikavunjika 1977. Anasema yanataka jua la kuchomoza. La mchana linayafuta.

Hilo la jua ndilo limenikamata kuliko yote. Tuko digrii tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua linapita kaskazini, upande wa mlima, na ukuta unaotazama kusini hauguswi. Oktoba linahamia upande wa pili. Mimi nimezaliwa Moshi na sijawahi kuliwaza! Mzee akipenda duka linalotazama kusini, na sasa ni Mei, anaandika "Novemba" kwenye daftari na kwenda zake. Bahasha zake za negativu, vile vipande vya plastiki vya kusafishia picha, zimeandikwa hivyo hivyo kwa penseli: jengo, mwezi, saa. Moja nimeishika jana: "Stesheni, Januari, saa moja na nusu, kabla ya vumbi."

Bado anatumia ile kamera kubwa ya kujifunika kitambaa cheusi. Kwenye kioo cha nyuma jengo linaonekana miguu juu, kichwa chini. Paa likikatika hainui kamera hata siku moja, anapandisha lenzi peke yake, kwa sababu ukiinua kamera kuta zinaanza kuegemeana huko juu. "Nyumba haijalewa," ananiambia, "usiilaze."

Sasa sikia tunapopishana. Studio kwake amebandika ukurasa wa gazeti, ile picha ya mwaka 1960 ya Julius Shulman, mpiga picha za majengo wa Marekani: nyumba ya vioo aliyoichora msanifu Pierre Koenig, iliyoning'inia juu ya Los Angeles usiku, wanawake wawili wameketi ndani. Atakueleza bila kuchoka jinsi Shulman alivyoacha lenzi wazi dakika kadhaa ili taa za mji ziingie, ndipo akawamulika wale wanawake kwa balbu za flashi. Lakini picha zake yeye hazina mtu. Bodaboda ikiegeshwa, anangoja iondoke. Nikamwuliza, mbona ile yenye watu unaipenda? Akasema, "Wale aliwaweka. Hawa wanajipitia."

Mimi hao wanaojipitia ndio ninaowataka. Naweka kamera nyuma yake na kurekodi kila anachokisubiri kipite: mama wa ndizi, mkokoteni, watoto wa shule wanaomwamkia "Shikamoo babu," naye anaitika "Marahaba" kutoka ndani ya kitambaa. Nilimwambia wazi. Akajibu filamu ni yangu, ila nisimwonyeshe kabla haijaisha.

Kinachonikimbiza ni negativu. Za zamani zimeanza kunuka siki. Plastiki yake inaoza na kutoa asidi, na ikishaanza hairudi nyuma. Tumezitenga na nyingine, nazipiga picha moja moja juu ya meza ya taa. Majengo mengine yaliyomo humo yameshabomolewa, kwa hiyo hakuna pa kurudia.

Ombi langu ni sauti. Chini ya kile kitambaa Mzee ananong'ona na jengo, anabembeleza, anagomba, na kamera yangu hainasi hata neno. Njoo Oktoba na vifaa vyako. Kuna duka la ghorofa analoliwinda tangu Aprili, na jua litakuwa limeshafika upande wake. Kibali cha Bodi ya Filamu ninacho. Nauli na chakula nitatoa, malipo sina, tusidanganyane. Utalala kwetu, mama ameshauliza kama siku hizi unakunywa mbege au bado unajidai.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi nimwambie Mzee, maana anapenda kujua mapema nani anakuja kumzibia mwanga.

Wasalimie wote hapo Dar.

Ni mimi, wa Majengo