Karotini ya chupani na karotini ya matembele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Juzi jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, alinijia barazani na kichupa cha vidonge vya karotini, ile rangi ya manjano na machungwa iliyomo kwenye karoti na mapapai. Kauziwa na kijana mpita njia kwa shilingi 45,000. "Karotini hii, Mwalimu. Inatoka kwenye mimea, haina madhara." Na sigara ikiwa vidoleni.

Nimefundisha sayansi kimu miaka 31. Nikamwambia, funika hicho kichupa. Huko Ufini wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 waliwahi kugawanywa: wengine wakapewa beta-karotini, aina mojawapo ya karotini, miligramu 20 kila siku kwa miaka kadhaa, wengine hawakupewa. Ilitarajiwa saratani ya mapafu ipungue. Majibu yalipotoka mwaka 1994, waliomeza karotini ndio waliougua zaidi, kwa asilimia 18.

"Basi na papai nisile?"

Hapo ndipo nilipoona heri niandike. Papai na ale. Karotini ya papai, ya boga, ya matembele, mwili huigeuza vitamini A kwa kadiri unavyoihitaji. Kwenye mboga za majani hatuioni kwa kuwa kijani kimeifunika. Litazame jani la mpapai linapozeeka: kijani kinaondoka, manjano yaliyokuwamo siku zote yanajitokeza. Au kaanga karoti iliyokwaruzwa uone mafuta yanavyogeuka rangi. Karotini huyeyuka kwenye mafuta, kwenye maji haiyeyuki, na tumboni ni vivyo hivyo. Wanafunzi wangu walinibishia hapo kila mwaka, mpaka niwashe jiko. Kwa hiyo wanaochemsha mchicha kwa maji na chumvi tupu, eti ndiyo afya, nawahurumia. Sehemu kubwa ya karotini inawapita hivi hivi. Bibi zetu na tui lao la nazi hawakukosea. Hata kijiko kimoja cha mafuta kinatosha.

Ombi langu, Mhariri: mnapochapa matangazo ya vidonge hivi, hilo la wavuta sigara nalo liandikwe, kwa herufi ambazo mzee kama huyu atazisoma bila miwani.

Sigara hajaacha. Vidonge sijui kavipeleka wapi. Ila jana jioni mjukuu wake alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga