Barua kwa mpwa wangu anayetaka kutengeneza bao lake

Mpwa wangu,

Kanuni za mchezo wako nimezisoma zote, na picha ya ubao wenye majahazi pembeni nimeiona. Picha ni nzuri. Kwenye kanuni kuna mambo mawili ambayo nisipokwambia mimi mjomba wako, utakuja kuambiwa na mteja aliyekwishalipa. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako, vijana kadhaa wana wazo kama lako, na mimi nawaunga mkono. Wapo wazee wenzangu watakaosema bao halichezewi. Waache. Bao lenyewe lina ndugu wengi: Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, Wamalawi wana bawo, na hata hapa kwetu lipo bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, ambalo fundi wa bao la kiswahili hakai kulicheza ila kwa kumridhisha mtoto.

Tuanze na dogo. Umepunguza mashimo kutoka manane hadi saba kila safu ya zile nne, mbili kwa kila mchezaji, kisha nyumba, lile shimo kuu la safu ya mbele, ukaiweka katikati "ili ipendeze". Imependeza kweli. Sasa panga kete kama ulivyoandika: sita kwenye nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia, upande wako na upande wa mwenzako. Tazama ubao. Nyumba zimetazamana. Anayeanza anatia kete moja kwenye nyumba yake na palepale anakula nyumba ya mwenzake, kete sita kati ya kumi alizonazo mezani, na huyo mwenzake hajagusa hata shimo moja. Hapo ushindi ni wa aliyewahi kukaa.

Safu ya mashimo manane haina shimo la katikati. Nyumba huwa ya nne kutoka kulia kwa kila mchezaji, kwa hiyo yako na ya mwenzako zinakaa mshazari. Na si nyumba tu: ukizipanga zile kete kumi kumi za kuanzia, kila shimo lenye kete linatazama shimo tupu. Wa kwanza kucheza hana cha kula, atatakasa tu, yaani atatawanya kete bila kula. Mimi nimecheza bao tangu ujana wangu na jambo hili sikulitilia maanani mpaka rasimu yako iliponilazimisha kuhesabu. Aliyeupanga ubao ule hatumjui jina, lakini hakubahatisha.

Ukizipenda saba zako, baki nazo. Sogeza nyumba shimo moja kulia, iwe ya tatu kutoka mwisho. Nimeichora hivyo kwenye boksi na kuipanga, na hapo tena hakuna anayekula kwa mkono wa kwanza. Sita usijaribu. Kimbi ni mashimo mawili ya mwisho kila upande, kwa hiyo kwenye safu ya mashimo sita, manne ni kimbi. Na unajua ukila kimbi huna hiari ya upande, lazima uanze kutawanya kwenye kichwa, yaani shimo la mwisho wa safu, kilicho karibu. Utakuwa umemnyang'anya mchezaji uamuzi wake mkubwa na kumwachia kazi ya kugawa kete.

Sasa kubwa. Umeandika kwamba kete zilizoliwa zinakwenda "forodhani", hazirudi, na mwisho zinahesabiwa kuwa alama. Mwanangu, mchezo huo upo. Mmarekani mmoja, William Julius Champion, aliubuni mwaka 1940 na kuuita Kalah: safu mbili za mashimo sita, na kila mchezaji ana ghala lake la kuwekea. Ni mchezo mwepesi kujifunza, umeuzwa sana, sina ubaya nao. Lakini ukianza na kete nne kila shimo, jumla ni 48, na mwenye 25 ghalani ameshashinda, kinachobaki ni kumalizia kwa adabu. Kompyuta zimeshauchambua mpaka mwisho: kwa mpangilio huo, anayeanza akicheza bila kukosea anashinda.

Kwenye bao kete iliyoliwa haitoki. Ukila kwangu, unazichukua kete zangu na kuzitawanya kwako kuanzia kichwani, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unaendelea, ukikuta cha kula unakula tena, mpaka ulale, yaani ya mwisho iangukie shimo tupu. Kete 64 zote zikishaingia ubaoni, mpaka mwisho zinabaki 64. Kwa hiyo ulichonila nakuja kukila, pamoja na chako. Mtu anaweza kubaki na kete za kuhesabika, zote zimejificha safu ya nyuma ila mbili tatu, na akaligeuza bao kwa mtaji mmoja, yaani mkono mmoja wa kula. Hapa barazani hakuna anayehesabu nani ana nyingi. Tunatazama safu ya mbele: ikibaki tupu, umefungwa, hata kama nyuma umejaza.

Ndiyo maana bao ni gumu kulifuata kichwani, kila mlo unapindua mashimo ya upande mzima. Mholanzi Alexander de Voogt aliandika tasnifu nzima juu ya umahiri wa mafundi wa bao, akaiwasilisha Leiden mwaka 1995. Ukizipeleka kete forodhani, ugumu huo, na utamu wake, umeutoa nje pamoja nazo.

Sikwambii unakili bao. Tazama alivyofanya Mfaransa Bruno Cathala kwenye Five Tribes, mwaka 2014. Ana vigae 30 na vijitu vya mbao 90 vya rangi tano. Unachukua vijitu vyote vya kigae kimoja, unavidondosha kimoja kimoja njiani, na cha mwisho lazima kikute mwenzake wa rangi ileile. Kachukua kutawanya, kachukua na swali la kete ya mwisho imeangukia wapi, mengine yote kayabuni mwenyewe. Nawe una majahazi. Basi mzigo ulioliwa ushushwe bandarini kwa mlaji, uanzie kichwani, ugawiwe. Ukitaka alama, hesabu mabao aliyoshinda mtu, tatu au tano, usihesabu kete.

Kwa kuwa kete hazitoki, utakutana na tatizo jingine: mkono unaozunguka bila kulala. Hata bao letu lina mipangilio inayoweza kufanya hivyo. Andika kanuni mapema, kwamba mkono ukizunguka ubao mara kadhaa bila kula unalala hapo ulipo. Usiwaachie wachezaji wabishane, unawajua watu wetu.

Na hivi vijahazi vya plastiki vya kuagiza nje, vya nini? Komwe zimejaa ufukweni. Mchezo ambao mtu anaweza kuchimba mashimo mchangani akaujaribu kabla hajanunua, huo utajitembeza wenyewe. Wewe uza ubao mzuri na kijitabu cha kanuni kilichoandikwa vizuri. Hakimiliki italinda michoro na maandishi yako, namna ya kucheza hailindi, kwa hiyo usipoteze usingizi ukiogopa kuibiwa wazo.

Kunamua, yaani kule kuingiza ubaoni kete za mkononi moja moja, usikuondoe, hata wakikwambia kunachelewesha. Punguza zile kete 22 za mkononi ziwe kumi na nne hivi, uone. Ukimaliza nitumie kanuni mpya, nitazijaribu na hawa wa barazani, na kwa kuwa hawakujui hawatakuonea haya.

Halafu hilo jina, "Bao Jipya", silitaki. Tafuta jingine.

Mjomba wako