Mhariri, gia boksi nayo inachemka

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu. Juzi kuna msomaji aliandika hapa kwamba gari za otomatiki hazifai Karamoja, huku kaskazini mashariki ya Uganda, ati anayetaka kufika Kaabong na kurudi atafute manuali tu, na akatoa mfano wa Prado tatu zilizoua gia boksi msimu mmoja. Sibishani naye juu ya hizo Prado, hata mimi nimeua moja. Ila sababu aliyotoa siyo. Otomatiki haiuliwi na Karamoja, inauliwa na joto ambalo hakuna mtu analipima.

Mimi ni dereva, miaka 14 sasa, nyumbani Mbale lakini kazi iko huko juu, Moroto, Kotido, mpaka karibu na Kidepo. Mwaka mmoja wa mvua nyingi nilikuwa naendesha Prado ya watu fulani, sitawataja, tumetoka Kotido na mizigo na watu wanne, udongo umelowa, ule mweusi wanaouita blakkotoni, ukikanyaga unabaki na kiatu chako. Tukakwama, tukasukuma, tukakwama tena, mimi niko kwenye D nakanyaga mafuta, tairi linajivuta kidogo linasimama, nakanyaga tena, karibu saa nzima hivyo. Geji ya joto imetulia katikati kabisa basi nikajua gari iko sawa. Kesho yake gia ikawa inachelewa kuingia, baada ya wiki mbili injini inanguruma gari haiendi. Fundi kufungua chini, oili imetoka nyeusi inanuka kama ugali uliosahaulika jikoni. Nilikatwa mshahara miezi mitano, na siyo hela tu iliyoniuma, hakuna aliyeniambia kosa langu hasa ni lipi, bosi alisema tu "umeendesha vibaya" yakaisha.

Kosa nilikuja kulielewa kwa fundi mwingine kabisa. Ile geji ya kwenye dashibodi ni ya maji ya injini, ya gia boksi haipo. Na kwenye otomatiki hakuna klachi ya mguu, kati ya injini na gia boksi kuna kitu mafundi wanaita konveta, wewe fikiria bakuli mbili zinatazamana ndani ya oili, moja inazungushwa na injini, halafu oili inayorushwa ndiyo inaizungusha ile ya pili. Sasa injini ikikimbia na tairi limezama halitembei, bakuli moja inazunguka nyingine imesimama, nguvu yote unayokanyaga inaishia kwenye oili na inageuka joto. Kwenye lami mwendo ukishakaa vizuri kuna klachi ndogo humo ndani inazifunga bakuli zote mbili zinaenda pamoja, ndiyo maana Mbale kwenda Kampala oili haisumbuki, ila kwenye tope mwendo wa kuku ile klachi mara nyingi haifungi.

Oili hiyo ya gia, nyekundu ikiwa mpya, kazi yake inaifanya vizuri kwenye nyuzi 80 mpaka 95 hivi. Ikipita hapo inaanza kuzeeka, na hesabu wanayotumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka maisha ya oili yanakatika nusu. Karibu 120 inaanza kuacha utando kama vanishi kwenye valvu, ukizidi hapo sili zinakuwa ngumu, halafu zile sahani za klachi zilizo ndani ya gia boksi zinateleza na kuungua. Mtu ataniambia mbona Land Cruiser ina taa ya joto la oili ya gia. Ndiyo ipo, na ikiwaka usibishane nayo, lakini kwenye nyingi inawaka karibu nyuzi 150! Hapo siyo onyo tena hapo ni taarifa ya msiba.

Mimi sasa nina kale kakifaa kadogo ka kuchomeka chini ya usukani kanaongea na simu kwa bluetooth, bei yake haifiki hata ya tairi moja la mtumba. Angalizo tu, programu nyingi za bure zinaonyesha joto la injini peke yake, tafuta inayojua lugha ya gari yako, na gari za zamani sana hazitoi hiyo taarifa kabisa, hizo ni kufunga geji ya kweli na sensa yake. Sensa ikiwekwa kwenye bomba linalotoka gia boksi kwenda kupoa ndiyo utaona joto kali lenyewe, ukiiweka kwenye sampo, ile sufuria ya oili chini ya gia boksi, inasoma pole pole na namba inakuwa ndogo, usije ukajidanganya.

Siku ya kwanza kuitumia nilishangaa. Injini 90, gia boksi 118, na tulikuwa hatujakwama hata, ni kipande kibovu tu tunakipanda taratibu kwenye 4H, yaani tairi zote nne zinavuta kwa mwendo wa kawaida. Nikasimama nikaweka 4L, ile ya tairi nne kwa gia nzito ya pole pole, kipande kile kile, mizigo ile ile, namba ikarudi chini ya 100 kabla hatujafika juu. Hiyo 4L madereva wengi wanaiogopa, wanasema inakula mafuta, wanaingiza wakishazama mpaka kwenye bodi, wakati ndiyo inapunguza mzigo kwenye konveta. Tena ukisimama mlimani tumia breki, acha kuishikilia gari kwa mafuta. Upepo wa tairi ukipunguza kidogo kwenye tope nao unasaidia, mradi una pampu ya kurudishia.

Namba ikipita 110 mimi napunguza, ikifika 120 nasimama hata kama abiria wananuna, naweka N, injini ninaiacha inaunguruma. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanazima! Pampu ya oili inazungushwa na injini, ukizima oili inabaki pale pale na moto wake haiendi kupoa. Na ikienda kupoa inaenda wapi? Ndani ya rejeta, huko chini kuna kipoza chake, kwa hiyo rejeta ikijaa tope la jana gia boksi nayo inaumia. Oshea kutoka upande wa injini kwenda nje, maji ya taratibu, ukitumia presha unalaza vile vibati vyembamba vya rejeta vyote. Kwa wanaobeba mizigo kila siku kipoza cha ziada mbele ya rejeta kinalipa. Na ukiona maji ya rejeta au oili ya gia imekuwa kama maziwa ya pinki, kipoza cha ndani kimetoboka vimechanganyika, usiendeshe hata kilomita moja, vuta.

Halafu kuna hili la "oili ya maisha", gari nyingi zinazotoka Japan hazina hata kijiti cha kupimia oili ya gia, muuzaji anakwambia haibadilishwi kamwe, usiguse. Maisha ya nani, ya gari huko kwenye lami yao au ya gari ya Kotido?

Ombi langu kwa wenye magari, maana wao ndio wanaosoma gazeti ofisini sisi tuko kwenye tope, kabla hamjamkata dereva mshahara muulizeni joto lilikuwa ngapi, na kama hana cha kujibu kwa sababu hamkumpa kifaa cha kupimia, basi gharama mgawane naye. Bosi wangu wa sasa alikataa miezi minne kukinunua hicho kifaa, mpaka siku nilipompakia mwenyewe kwenda Kaabong nikamshikisha simu yangu aangalie namba. Ilipofika 115 alikuwa wa kwanza kuniambia simama.

Dereva,
Mbale