Pesa za watu mama, usizishike

Neema mama angu,

Marahaba. Voisi zako zote tatu nimezisikiliza, ya mwisho nikampa na baba yako asikie akacheka, eti sasa tuna waziri wa fedha humu ndani. Watu mia mbili darasa la pesa na mlianza chumbani wanane! Hongera sana, ila kwenye voisi ya pili pale mwishoni kuna neno umelipitisha haraka haraka kama vile sitasikia, eti mmeanza kuchangishana elfu tano tano na zinakaa kwenye laini yako ya simu. Yako wewe. Kwa nini yako?

Kufundisha fundisha. Waambie hilo boom, hela ya mkopo wa chuo ya elfu kumi kwa siku, ni deni, wakipata ajira Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara. Waambie na hizi kausha damu za kwenye simu, Benki Kuu (BoT) Novemba 2024 walitaja aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni, mtoto wa mama yako mdogo alikopa huko wakampigia mpaka mchungaji wake. Na darasa muweke kabla boom halijatoka maana likishatoka humpati mtu, wote wako kwenye chipsi. Hayo sawa. Lakini laini Neema.

Kikoba chetu sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu na anayelala na sanduku hana hata mmoja. Unadhani tulianza hivyo? Tulianza mtu mmoja ana sanduku na funguo kazifunga kwenye pindo la kanga, mtu huyo unamjua, na ile ada yako ya fomu faivu iliyopatikana usiku hukuuliza imetoka wapi. Ilirudi yote, wiki sita, ila mpaka leo hesabu ikipungua hata mia tano Mama Upendo ananitazama mimi kwanza. Tuyaache.

Nendeni benki na katiba yenu na muhtasari wa kikao mfungue akaunti ya kikundi, watia saini watatu, tena wa vitivo tofauti, siyo wewe na rumeti wako. Wakiona usumbufu basi kila mtu arudishiwe chake leo mbaki na darasa tu. Na usiniambie mama wananiamini, najua wanakuamini, hicho ndo kinanikosesha usingizi.

Huku kuku wamepigwa na kideri wamebaki wanne. Fundi wa choo kala advansi kapotea, shimo liko wazi tumefunika na bati. Baba yako presha imeshuka ila dawa anaruka, mpigie wewe anakusikiliza.

Ile elfu thelathini ya Ijumaa haitakuja Ijumaa, labda Jumanne. Najua umeishiwa. Hizo za kwenye laini usiziguse hata kama unarudisha Jumanne hiyo hiyo, umesikia? Ukishazipeleka benki au kuwarudishia wenyewe nitumie skrinshoti ya salio.

Mama