Heri ya Krismasi kutoka Moshi

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi na mwaka mpya wenye baraka! Mlioko njiani kuja "kuhesabiwa", kama tunavyotaniwa Wachaga kila Krismasi, karibuni nyumbani. Najua mabasi yamejaa na nauli haishikiki. Madereva, taratibu jamani, Same na Mwanga hazikimbii.

Safari hii salamu zangu zina ombi. Tukishakaa chini ya migomba huwa tunaisema dunia: barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inavyopungua, mvua zisizoeleweka, kisha tunamalizia kuwa hayo ni ya serikali na wenye viwanda. Kweli, wana lao. Lakini hebu teremkeni hadi kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Maji yanatoka mlimani, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina zamu yake, na kizibo chenyewe ni udongo na majani ya mgomba tu. Askari hayupo. Mtu akijisahaulisha kuziba, ndizi zake zinanenepa, na kule chini kuna bibi kashika jembe anasubiri maji mpaka giza linaingia. Akiziba kwa wakati, maharage ya mtu asiyemjua yanapona. Mifongo hii imevuka vizazi kwa uamuzi wa namna hiyo, na hakuna aliyepigiwa makofi.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, jirani yetu wa Kenya, mwaka 1977 alianza na miti saba pale Nairobi. Kina mama wa vijijini wakaipokea kazi, miti ikafika makumi ya mamilioni, na mwaka 2004 akatunukiwa Nobel ya Amani. Saba tu! Kihamba gani kitashindwa kubeba miti saba?

Basi chupa ya maji ukiimaliza Korogwe, shuka nayo Moshi, usiirushe dirishani. Sokoni Mbuyuni nenda na kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, lakini bibi zetu walikuwa na vikapu zamani sana. Na kama kuna ndugu mmenuniana, mpelekee jani la isale, ishara yetu ya kuomba msamaha, kabla ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) haijakatwa. Hili ndilo gumu kuliko kupanda miti, najua.

Wazee wangu, shikamooni. Tarehe 25 tukitoka kanisani, wote kwetu: mbege ipo, soda zipo. Majirani Waislamu, pilau ya Idi mlitulisha, sasa ni zamu yetu. Njooni na watoto.