Kuogelea chali nako kuna stori, Mhariri

Mhariri, salamu na pole na kazi. Mi ni msomaji wenu wa kurasa za michezo na leo nina duku duku. Mpira mnatujazia kurasa, mpaka kocha akipiga chafya tunajua, ila kuogelea kwa wanawake mnaweka jina, nchi na muda, kwisha habari.

Chukua fainali ya mita 100 chali mashindano ya dunia Singapore 2025. Kaylee McKeown wa Australia kagusa ukuta kwa sekunde 57.16, Regan Smith wa Marekani 57.35. Sasa rekodi ya dunia ni 57.13 na mwenye rekodi ni nani, si huyo huyo Smith aliyekuwa wa pili, aliiweka Indianapolis 2024 kwenye mchujo wa Olimpiki wa kwao! Yaani McKeown kamfunga mwenye rekodi na nusura aondoke na rekodi yenyewe, kakosa kwa 0.03 tu. Na sio mara ya kwanza, Paris 2024 walikuwa hao hao wawili juu, 57.33 kwa 57.66, Fukuoka 2023 hivo hivo na kule McKeown alibeba dhahabu zote tatu za chali, 50, 100 na 200. Upinzani kama huo ungekuwa wa timu mbili za mpira mngetoa toleo maalum.

Halafu mnaandika tu "alishinda" bila kutuambia ameshindaje. Hawa wanaanzia majini, mikono kwenye vishikio, miguu ukutani, king'ora kikilia wanajirusha kinyumenyume na kupotea chini ya maji wakipiga miguu kama pomboo, ila mwisho mita 15, kichwa lazima kiwe kimetoka. Na ukuta hawauoni! Wanaangalia dari tu, wakipita chini ya vile vibendera vilivyoning'inizwa mita 5 kabla ya ukuta wanaanza kuhesabu mivuto ya mikono mpaka ukutani, kila mtu na hesabu yake aliyoikariri mazoezini. Kwenye kugeuka unaruhusiwa kulala kifudifudi, lakini ukishapinduka ni mvuto mmoja na kujikunja hapo hapo, ukizubaa kidogo unaondolewa. Ukikosea hesabu unajigonga kichwa au unafika na mkono umekunjwa, na kwa tofauti ya sekunde 0.19 kama ile ya Singapore, dhahabu imeshaenda hiyo. Mi hapo ndo huwa nabana pumzi.

Kingine kimeniuma. Machi 2025 Kirsty Coventry wa Zimbabwe alipochaguliwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza, mkaandika "mwogeleaji wa zamani" mkaishia hapo. Mwogeleaji wa nini jamani? Huyo ni mtu wa chali, dhahabu ya mita 200 Athens 2004, akaitetea Beijing 2008 kwa 2:05.24 ambayo ilikuwa rekodi ya dunia, na Roma 2009 akaishusha tena hadi 2:04.81. Mstari mmoja tu ungetosha.

Sijaomba kurasa nne. Wekeni muda wa mita 50 za kwanza na za mwisho, tujue nani aliongoza kwenye kugeuka na nani alimpata mwenzie wakati wa kurudi, maana McKeown sifa yake ni huko kwenye kurudi. Mashindano ya dunia yajayo ni Budapest 2027, muda wa kumpanga mwandishi mnao.

Msomaji wenu wa kila siku