Mgeni apewe maji kwanza, maswali baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linaloniuma sana kuhusu makanisa yetu, na silengi dhehebu moja maana nimeliona kwa Walutheri, kwa Wakatoliki na hata kwa ndugu zetu walokole.

Mtu anaingia kanisani mara ya kwanza, kachoka, usiku hajalala, roho imemkauka, anachokutana nacho ni maswali. Umetoka usharika gani, una barua ya utambulisho, jumuiya yako ipi, umefunga ndoa? Halafu inatangazwa wageni wasimame tuwaone, watu wanageuka kuangalia gauni na viatu, na kama ni dada wa kazi ana mtoto mgongoni na mume haonekani basi hapo hapo minong'ono inaanza. Jumapili inayofuata haji, tunasema huyo hana kiu ya Mungu. Jamani, kiu ndo iliyomtoa nyumbani!

Hebu tusome tena Yohana 4 taratibu. Yesu kachoka na safari, kakaa kwenye kisima cha Yakobo karibu na Sikari, saa sita mchana, anakuja mwanamke Msamaria kuteka maji. Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawachangamani, mama mwenyewe alishangaa kusemeshwa. Na Yesu alianza kwa kumwomba maji, yani mwenye maji ya uzima ndo aliyeomba. Kisha akamweleza habari ya maji yake, mama akasema nipe, na ni baada ya hapo tu, mstari wa 16, ndo likaja suala la mume. Sisi tunaanzia mstari wa 16 na maji mtu hayaoni.

Tena huyu mama anaonewa sana kwenye mahubiri, anaitwa malaya wakati Biblia haijamwita hivyo, imesema alikuwa na waume watano na aliye naye sasa si mumewe, kama wale walikufa au walimwacha hatuambiwi. Tunaambiwa aliacha mtungi akaenda kuita watu mjini, Wasamaria wengi wakaamini kwa neno lake, na Yesu akakaa kwao siku mbili nzima.

Najua wazee wa kanisa watasema utaratibu lazima uwepo. Sikatai, ubatizo na ndoa vina taratibu zake, ila kuombewa na kusikilizwa havihitaji barua.

Wachungaji na mapadre, naomba wekeni mtu mlangoni ampokee mgeni, amkalishe, ashike naye kitabu cha nyimbo, ibada ikiisha amsikilize bila haraka, mambo ya jumuiya yasubiri mpaka aulize mwenyewe. Na huyo dada wa kazi kama ana sauti, mwalimu wa kwaya amwombe aje kuimba wiki hiyo hiyo, kadi itafuata.

Msomaji wako,
Morogoro